Kutoka Viwanja vya Ndege vya London hadi Mjini: Nauli Ipi Ulipe, Ipi Uiache

Karibuni, watazamaji. Leo tunapima usafiri wa kuingia London kutoka viwanja vyake vya ndege, kwa jicho la msafiri anayetaka kulipa kidogo. Ukishachukua begi lako, matangazo makubwa utakayokutana nayo ni ya treni zenye jina la Express. Mara nyingi kuna treni nyingine inayopita reli ileile kwa nauli ndogo, isipokuwa haina tangazo la ukutani. Hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Tuanze na Heathrow, kwa sababu ndiko kwenye mitego mingi. Heathrow Express inafika stesheni ya Paddington kwa dakika 15 ukipandia Terminals 2 na 3. Ukikata tiketi siku hiyohiyo, andaa takriban paundi 25 kwenda tu. Elizabeth line inafuata reli hiyohiyo na inachukua kama nusu saa, ila haiishii Paddington. Inaingia chini ya mji na kukufikisha Tottenham Court Road, Farringdon au Liverpool Street bila kubadilisha treni. Piccadilly line, treni ya chini ya ardhi ambayo imefika Heathrow tangu 1977, ni ya polepole. Hesabu karibu saa nzima hadi katikati ya mji, lakini nauli yake haifiki hata nusu ya ile ya Elizabeth.

Hukumu yetu: begi moja na unalala maeneo ya Earl's Court, South Kensington au King's Cross, panda Piccadilly. Una watoto na masanduku mazito, lipa Elizabeth. Vituo vyake vyote unaweza kuingia na kutoka bila kupanda ngazi, na mabehewa ni mapana. Express tunaikubali tu ikiwa umenunua tiketi mapema kwa bei ya punguzo na unakwenda Paddington penyewe. Kama sivyo, zile dakika ulizookoa zitaliwa na kuunganisha treni nyingine.

Hapa sikiliza vizuri. Pale Terminals 2 na 3, Express na Elizabeth zinasimama jukwaa moja, na zote mbili zinapokea kadi ya benki ya kugusa. Ukiingia ya kwanza iliyofungua milango bila kusoma ubao, utagusisha kadi Paddington na kukatwa nauli ya Express. Soma jina la treni kwanza.

Kwa nini Elizabeth ni ghali kiasi hicho wakati safari za urefu uleule kwingine mjini ni nafuu? Reli inayochepuka kuingia Heathrow ni mali ya kiwanja chenyewe, si ya mtandao wa taifa, na kampuni za treni zinalipia kuitumia. Gharama hiyo inaishia kwenye nauli yako. Dawa yake ipo: panda basi SL9 kutoka Heathrow hadi Hayes & Harlington, kisha uingie Elizabeth hapo. Unalipa nauli ya basi pamoja na nauli ya kawaida ya treni. Kwa mtu mmoja asiye na haraka, hii tunaipa alama za juu. Ukiwa na masanduku mawili, achana nayo.

Kuna mambo mawili ya kadi. Mosi, kila mtu awe na yake, na uliyoingilia ndiyo utokee. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo ndani ya simu zinahesabiwa kuwa mbili tofauti. Ukiingia kwa simu na kutoka kwa plastiki, mfumo unaona safari mbili ambazo hazijakamilika na unakukata nauli ya juu kabisa mara mbili. Pili, kuna kikomo cha makato ya siku. Safari za Piccadilly na Elizabeth zinahesabiwa humo, za Heathrow Express hazihesabiwi. Mabasi ya jiji hayapokei fedha taslimu tangu 2014, kwa hiyo noti zako usizitegemee. Watoto chini ya miaka 11 wanapanda treni hizi za jiji bure wakiwa na mtu mzima.

Ukitua usiku, basi N9 linatoka Heathrow hadi Aldwych, katikati ya mji, kwa nauli ya basi la kawaida. Piccadilly hukesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi, ila haifiki Terminal 4.

Gatwick ni rahisi zaidi. Stesheni iko South Terminal. Ukishukia North Terminal kuna kitreni cha bure cha kukuvusha. Gatwick Express inakwenda stesheni ya Victoria kwa nusu saa. Southern inakwenda Victoria hiyohiyo, inachelewa dakika chache tu, na ni nafuu. Thameslink inakupeleka London Bridge, Blackfriars, Farringdon na St Pancras. Tiketi iliyoandikwa Southern au Thameslink haikubaliki kwenye Express, na mkaguzi hatakusikiliza. Siku za kazi, ukiweza kusubiri hadi baada ya saa 3:30 asubuhi, nauli inashuka.

Luton inawachanganya wengi. Treni inaishia Luton Airport Parkway, si kiwanjani. Kutoka hapo unapanda DART, kitreni kilichofunguliwa 2023, chini ya dakika 4, na kinalipiwa. Unaponunua tiketi chagua Luton Airport, siyo Luton Airport Parkway, ili DART iwe ndani ya bei. Oyster, kadi ya nauli ya London, haifanyi kazi huko.

Stansted ndiko Express haina mpinzani wa kweli relini. Nunua mapema mtandaoni, na kama unaelekea kaskazini mwa mji shukia Tottenham Hale uunganishe Victoria line, badala ya kwenda hadi Liverpool Street na kurudi nyuma. Mabasi ya National Express huwa nafuu na hutembea usiku pia, lakini foleni za asubuhi kuingia mjini ni kali. Kwa kuingia mjini usiku wa manane tunayapendekeza kwa moyo mmoja. Kwa kuwahi ndege asubuhi ya siku ya kazi, hapana.

Imebaki London City. DLR, treni nyepesi ya jiji, iko mlangoni kabisa, inafika kituo cha Bank kwa dakika 20 na ushee, na nauli ni ya kawaida ya jiji. Angalizo moja: vituo vingi vya DLR havina malango. Kisomeo cha kadi kimesimama pembeni kwenye nguzo, na hakuna atakayekuzuia ukikipita. Gusisha unapoingia na unapotoka, la sivyo nauli ya juu inakusubiri kwenye akaunti.