Kile kifaa cha mipira mitatu

Mama alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya umio Mombasa, daktari alinionyesha majibu ya damu: limfosaiti zimeshuka, nyutrofili zimepanda (zote ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili). "Kinga imelegea, mapafu yake myachunge sana," akasema. Tulivyorudi Malindi nikaenda duka la dawa kununua spirometa, kile kifaa cha plastiki chenye mipira mitatu cha kuzoeza mapafu.

Muuzaji akaniambia mama apulize. Apulize! Hakipulizwi, unavuta pumzi polepole mpaka mpira upande. Mama alipuliza siku mbili nzima, akachoka bure, ndipo nesi jirani yetu akaturekebisha.

Kifaa chenyewe hakina shida, ila mrija wake huchomoka ovyo. Kimeandikwa 600, 900 na 1200, mililita kwa sekunde, yaani kasi ya pumzi ya kupandisha mpira wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wiki ya kwanza mpira mmoja tu, wa pili ukitikisika kama unamcheka. Sasa anapandisha miwili, wajukuu wakimhesabia barazani.

Lakini msikitegemee peke yake. Mama hukaa wima, hutembea hadi kisimani, na hukohoa akiwa amekumbatia mto kidondani. Juzi homa ilipofika 38 tuliacha mipira, tukakimbia hospitali.