Uzoefu wangu na nadharia tatu za uamilifu kwenye "Mama amempikia mtoto uji"

Nadharia za uamilifu hueleza sarufi kwa kuangalia kazi ambayo lugha inafanya. Nimezitumia tatu kuchambua vishazi vya Kiswahili: Sarufi Amilifu Mfumo ya M.A.K. Halliday, Sarufi Amilifu ya Simon Dik, na Sarufi ya Majukumu na Rejeleo ya Robert Van Valin. Kipimo changu ni kitenzi. Kiswahili hubeba nusu ya kishazi ndani ya neno moja, na nadharia iliyozoea maneno yaliyoachana hukwama hapo hapo.

Kwa matini ndefu Halliday hana mpinzani. Kupanga vitenzi kwa aina ya mchakato (pika ni tendo, penda ni hisia, kuna ni kuwepo) ni kazi ya dakika chache kwa ukurasa. Tabu huanza ukitafuta kiima. Kiingereza kina swali fupi la mkiani mwa sentensi (kama "isn't she?") linalokirudia kiima, basi unakiona, sisi tuna "sivyo?", ambalo halirudii chochote. Tena ukichora visanduku kwa maneno, utaweka "mama" kwenye kiima. Futa "mama": kishazi bado kizima, kisanduku kitupu! Mimi huchora mistari miwili, wa juu kwa maneno, wa chini kwa viambishi: a-, -me-, -m-, -pik-, -i-, -a. Kiima nakiandika chini ya a-.

Dik, tangu 1978, ana ngazi ya dhima, yaani nafasi ya kila mshiriki katika tendo: mtenda, mtendwa, mpokeaji, mnufaika, ala, mahali, wakati. Kadiri dhima ilivyo chini, ndivyo inavyokuwa vigumu kuifanya kiima. Kiswahili hushuka mbali: "Mtoto amepikiwa uji" inamfanya mnufaika kiima bila shida. Lakini jaribu "Uji umepikiwa mtoto". Mtendwa yuko juu ya mnufaika, kwa hiyo ngazi inairuhusu, ila masikio ya wengi yanaikataa. Sababu ni -i- ya kutendea: ikishamwingiza mtoto kama yambwa, uji unapoteza nafasi. Rudisha kitenzi kwenye "pika" na mambo yananyooka: "Uji umepikwa na mama." Ngazi inahesabu dhima, haihesabu kilichofanywa na mnyambuliko.

Ninayoirudia zaidi ni ya Van Valin. Kishazi kina tabaka: kiini (kitenzi), kitovu (kiini na washiriki wake), na pembezo kwa chagizo za mahali na wakati. Kwa lugha zinazoweka alama kwenye kitenzi, viambishi vyenyewe huhesabiwa washiriki wa kitovu. A- na -m- wamo ndani, "mama" na "mtoto" wanakaa nje wakivifafanua. Ndiyo maana "Amempikia" peke yake inatosha. Kasoro yake ni uji. Kitenzi chetu hubeba kipatanishi kimoja tu cha yambwa, na kimeshachukuliwa na mtoto, hivyo uji hauna kiambishi. Ukiuweka nje pamoja na mtoto, mchoro unadanganya. Mimi huuchora ndani ya kitovu kama nomino tupu, japo mchoro wa mti unakuwa na sura ya ajabu.

Angalia pia viendeshi, yaani alama za njeo (wakati wa tendo) na za hali (kama tendo limekamilika au linaendelea), vinavyochorwa chini ya mti. Wanaoanza huitundika -me- kwenye kishazi kama -li-. Mimi huichukua -me- kama hali, nikaitundika kwenye kiini. Njeo -li- ndiyo ya kishazi. Katika "Alikuja akaketi akala", -ka- haina njeo yake, inaazima ya "alikuja". Chora -li- mara moja kwa vyote vitatu. Ukiirudia kwa kila kitenzi, umegeuza mfuatano kuwa sentensi tatu.

Anayetaka kuziona pamoja atafute juzuu mbili za Christopher Butler za 2003, zinazozilinganisha hizi tatu. Aanze na ya kwanza, inayoshughulikia kishazi sahili, na kalamu mkononi, maana mifano ya Kiswahili itabidi ajitungie.