Vipimo vya H. pylori Moshi na Arusha: kaseti ya choo inashinda, ya damu tuiache

Tumbo la juu likiuma, Moshi au Arusha, hutafuti kipimo mbali. Maabara ndogo zimejipanga jirani na stendi na masoko, bango nje limeandikwa "Tunapima vidonda vya tumbo". Unatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kaseti, yaani kifaa kidogo cha plastiki chenye karatasi ya kipimo, unasubiri dakika 10, unatoka na karatasi iliyoandikwa chanya pamoja na ushauri wa kifurushi cha dawa. Ni huduma ya haraka na rahisi kuliko nyingine zote, na ndiyo tunayoipa alama ya chini kuliko zote: 1 kati ya 5.

Kwanza, kaseti ya damu haipimi vidonda. Pili, haitafuti hata bakteria mwenyewe, H. pylori, anayeishi tumboni na kusababisha vidonda vingi. Inatafuta kingamwili ambazo mwili ulitengeneza ulipokutana naye, na kingamwili hizo hubaki kwenye damu miezi mingi, kwa wengine miaka, baada ya bakteria kuisha. Mstari wa T, ule wa jibu, ukitokea, maana yake ni kwamba mwili huu uliwahi kukutana na H. pylori. Mgonjwa alitaka kujua jambo jingine kabisa: je, yumo tumboni leo? Maambukizi haya kwa kawaida huingia utotoni, ndani ya familia, na katika nchi nyingi za Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wanao au waliwahi kuwa nao. Kwa hiyo chanya ya damu kwa mtu mzima wa huku haishangazi wala haisaidii sana.

Madhara yake yanaonekana baada ya tiba. Mtu anameza dawa, mwezi mmoja baadaye anarudia kaseti ileile ya damu, inatoka chanya tena, anapewa kifurushi kingine. Kinafuata cha tatu. Huenda bakteria alikufa kwenye dozi ya kwanza, na kinachobaki kujengeka ni usugu wa bakteria wengine mwilini dhidi ya antibayotiki.

Haki itendeke, lakini. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 101 zenye watu zaidi ya 11,000, yakalinganisha vipimo visivyohitaji kamera ya kuingizwa tumboni kupitia mdomoni. Kwa umahususi (sehemu ya wasio na maambukizi wanaopata jibu hasi) uliowekwa kwenye asilimia 90, kipimo cha pumzi cha kaboni 13 kiligundua asilimia 94 ya wenye maambukizi, cha damu 84, cha choo 83. Kwa namba hizo tu, damu na choo vinakwenda sambamba, na muuzaji mjanja anaweza kukuonyesha hilo. Asichokuambia ni kwamba watu waliopimwa humo hawakuwa wametoka kumeza antibayotiki wala dawa za kupunguza asidi. Mgonjwa wa mtaani ambaye amekwishameza omeprazoli na amoksisilini za duka la dawa si yule wa kwenye tafiti zile.

Kaseti ya choo tunaipa 4. Inatafuta antijeni, yaani vipande vya bakteria mwenyewe, kwa hiyo inajibu swali la leo na inafaa pia kuthibitisha kama tiba imefanya kazi. Lakini ubora wake unategemea mambo madogo ambayo maabara nyingi huyapitia juujuu.

Anza na mgonjwa. Omeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na ndugu zao ziachwe siku 14 kabla ya kipimo. Antibiotiki yoyote, hata ya UTI au ya jino, wiki 4. Na dawa zenye bizimathi wiki 4. Dawa hizi hupunguza idadi ya bakteria bila kuwamaliza, antijeni zinakuwa chache mno, kaseti inasoma hasi ya uongo. Mapokezi ikipokea kikopo bila kuuliza umemeza nini wiki hizo, hilo ni kosa la huduma, hata kama kaseti ni nzuri. Kwa kiungulia cha siku hizo 14, vidonge vya kutafuna vya magnesiamu na aluminiamu vinaruhusiwa.

Choo kiangukie kwenye chombo kikavu, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni. Choo cha kuharisha, chepesi kama maji, hupunguza uhakika wa jibu, afadhali kusubiri. Kikipelekwa siku hiyohiyo ni vizuri. Kikilala, kilale kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, si dirishani. Mtu anayetoka Rombo au Karatu na kikopo kwenye mfuko wa plastiki ndani ya basi saa tatu za jua, akifika jibu limekwisha kuharibika.

Mezani, fundi anachoma kijiti sehemu tatu tofauti za choo, kwa jumla kiasi cha punje ya njegere ndogo, anakitumbukiza kwenye kichupa cha maji ya kipimo, anatikisa, anaacha kitulie dakika moja au mbili. Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Wanaojaza choo kingi kwa kudhani kingi ndiyo uhakika huziba karatasi ya kaseti, rangi haitembei, na mstari wa C, unaothibitisha kwamba kaseti imefanya kazi, hautokei. Kaseti hiyo ni batili na lazima itupwe. Kisha matone 2 au 3 kwa kadiri ya karatasi ya maelekezo, saa inaanza, jibu linasomwa dakika ya 10. Aina nyingi zinakataza kusoma baada ya dakika 20, kwa sababu kaseti ikikauka huweza kuchora kivuli cha mstari ambacho si jibu. Kaseti iliyoachwa mezani wakati fundi amekwenda kunywa chai haisomwi tena. Kwa upande mwingine, mstari wa T uliofifia ukitokea ndani ya muda ni chanya. Hakuna "chanya kidogo".

Jambo la Arusha hasa: maelekezo ya kaseti nyingi yanataka kipimo kifanyike kwenye joto la chumba, nyuzi 15 hadi 30. Asubuhi za Juni na Julai chumba chenye dirisha wazi kinaweza kuwa chini ya hapo, na kaseti iliyotoka friji moja kwa moja ni baridi zaidi. Mwendo wa kimiminika unakuwa mzito, mistari inachelewa. Fundi makini hutoa kaseti ikiwa bado ndani ya pakiti, anaiacha ipate joto la chumba, ndipo anachana. Pakiti ikichanwa ikiwa baridi, unyevu wa hewa huingia.

Uliza pia kama kaseti inatumia kingamwili za monokloni, yaani za aina moja tu. Za polikloni, za mchanganyiko, ni za zamani na huchanganya zaidi. Kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, ukiona "usahihi asilimia 99", shuka chini uone umelinganishwa na nini. Kama ni kaseti nyingine ya kampuni nyingine, namba hiyo haina uzito. Kama ni nyama zilizokatwa tumboni kwa kamera, soma kwa heshima, kisha hesabu walikuwa wagonjwa wangapi.

Kipimo cha pumzi kingepata 5 kama kingekuwa kila mahali. Unafunga kula saa 6, unapuliza mfuko wa kwanza, unakunywa urea yenye kaboni 13, kwa kawaida miligramu 75, unakaa dakika 30 bila kula wala kuvuta sigara, unapuliza mfuko wa pili. H. pylori huvunja urea kwa kimeng'enya chake, kaboni hiyo inatoka na pumzi. Masharti ya dawa ni yaleyale. Aina ya kaboni 14 ina mionzi kidogo, haipewi mjamzito wala mtoto. Piga simu kwanza kabla ya kukaa na njaa. Mashine kuwapo na vifaa vyake kuwapo ni mambo mawili.

Sasa vifurushi vya dawa, kwa kuwa huuzwa dirisha lilelile. Vingi ni vya siku 7, na hilo pekee linatosha kuvikosoa. Cochrane ya 2013 ilipolinganisha siku 14 na siku 7 kwa tiba ya dawa tatu, bakteria walimalizwa kwa takriban asilimia 82 dhidi ya 73. Tena miongozo ya kimataifa inasema klarithromaisini, antibiotiki ya kawaida kwenye tiba hiyo, isitumike kwa kubahatisha pale usugu unapozidi asilimia 15, na utafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, umekwisha kuonyesha kuwa usugu huo nchini ni mkubwa. Njia inayopendekezwa sasa ni dawa nne kwa siku 14: ya kupunguza asidi mara mbili kwa siku, bizimathi na tetrasaiklini mara nne, metronidazoli mara tatu au nne. Ni vidonge vingi, na metronidazoli haitaki mbege wala bia hadi siku chache baada ya dozi. Bizimathi hufanya choo kuwa cheusi, mgonjwa aambiwe mapema asikimbilie hospitali akidhani anavuja damu. Baada ya dozi, rudia kaseti ya choo angalau wiki 4 tangu kidonge cha mwisho cha antibiotiki. Si ya damu.

Kuna wagonjwa ambao kaseti yoyote ni kupoteza muda wao: anayekwama chakula, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, mwenye choo cheusi cha kunata kama lami, mwenye upungufu wa damu usioelezeka. Hawa waende kwenye kamera moja kwa moja. Mwongozo wa Marekani na Kanada wa 2017 unataka kamera kwa kila mwenye maumivu ya tumbo la juu kuanzia miaka 60, lakini umri huo si wa kuunakili huku. Kilimanjaro imo ndani ya ukanda wa saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na ndani ya ukanda huu ugonjwa huwakuta hata walio chini ya miaka 40. Swali bora la mapokezi ni la jikoni: je, ameacha ugali akahamia uji, kisha akabaki na maziwa na maji? Huyo hapimwi choo.

(Chai nayo imo. Utafiti wa mkoani Kilimanjaro uliochapishwa 2015 ulipima joto la chai wakati watu wanaanza kuinywa, likawa wastani wa nyuzi 70 hivi. Mwaka uliofuata IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, likaweka vinywaji vyenye joto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio.)

Kamera inapatikana KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi 1971, na baadhi ya hospitali nyingine za miji hii miwili. Chakula kinasimama saa 6 hadi 8 kabla, maji saa 2. Anayekula kisirisiri humharibia daktari picha na huweza kupaliwa. Meno ya bandia yanatolewa, koo linapuliziwa lidokeini ya ganzi, unalala ubavu wa kushoto, na kamera yenyewe hukaa ndani dakika 5 hadi 10. Taja mapema dawa za kisukari na za kuyeyusha damu. Ukipewa sindano ya kulevya, njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, na usiendeshe gari wala bodaboda saa 24. Usinywe kitu hadi ganzi ya koo iishe, karibu saa 1.

Kinachotofautisha kituo kizuri na kibaya hapa ni usafishaji. Kamera ikitoka kwa mgonjwa inafutwa palepale, inapimwa kama inavuja, mirija yake inapigwa brashi kwa sabuni ya vimeng'enya, inazamishwa kwenye dawa ya kuua vijidudu, glutaraldehaidi ya asilimia 2, kwa dakika 20, inasuuzwa, inakaushwa, inaning'inizwa. Hesabu mwenyewe: kituo chenye kamera moja kinachoita wagonjwa kila baada ya robo saa hakiwezi kuwa kinazamisha dakika 20. Ukiuliza mna kamera ngapi, hujawakosea adabu.

Daktari akate nyama hata kama tumbo linaonekana safi, pale H. pylori anapotafutwa: angalau vipande viwili sehemu ya chini ya tumbo na viwili sehemu ya katikati. Mgonjwa aliyekuwa anameza omeprazoli, bakteria huhamia juu, na kipande kimoja cha chini kitasema hasi. Kipimo cha haraka cha yureasi, kile kimeng'enya cha kuvunja urea, hufanywa kwenye kipande cha nyama na hubadilika kutoka njano kwenda waridi iliyokoza. Chanya huonekana mara nyingi ndani ya saa chache, hasi isitangazwe kabla ya saa 24. Kidonda kinachovuja damu huongeza hasi za uongo, kwa hiyo jibu hasi la siku ya kuvuja lirudiwe baadaye. Kidonda cha tumbo lenyewe, tofauti na cha utumbo wa mwanzo, kirudiwe kamera wiki 8 hadi 12 baada ya tiba, kwa sababu saratani huweza kujificha kwa sura ya kidonda cha kawaida.

Kabla hujaondoka, dai ripoti iliyoandikwa, yenye picha na maelezo ya wapi nyama zilikatwa, na namba ya sampuli iliyopelekwa patholojia, maabara ya kuchunguza nyama hizo. Jibu likichelewa, fuatilia kwa namba hiyo. Ukifuatilia kwa jina, kwenye daftari la Moshi akina Massawe na Mushi wa wiki moja watajaza ukurasa.