Mshubiri: kuotesha kwa mbegu au kwa machipukizi?

Kwa mtu anayetaka dawa ya kuungua jikoni, jibu ni jepesi: chukua machipukizi. Mshubiri wa kawaida, Aloe vera, huyatoa kwa wingi pembeni mwa shina. Yang'oe na mizizi yake, yaache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kisha panda kwenye udongo wenye mchanga. Usimwagilie sana, yataoza. Utapata mmea uleule, pacha wa mama yake.

Na hapo ndipo penye shida. Shamba zima la mapacha haliwezi kuzaana kwa mbegu. Mishubiri mingi hukataa chavua yake yenyewe, na pacha ni yuleyule kwa damu. Angalia mkungu wa maua: yanafunguka kuanzia chini kwenda juu, na kila ua hutoa chavua kwanza, stigma, sehemu inayopokea chavua, hukomaa baadaye. Ndege aina ya chozi na nyuki wakifuata asali ndio wanaobeba chavua hadi mmea mwingine. Ukifanikiwa, tunda hukauka na kupasuka mara tatu, likimwaga mbegu nyepesi zenye kijibawa zinazopeperushwa na upepo.

Mbegu inachelewa, utasubiri miaka kadhaa kabla ya kuvuna. Lakini kwa mishubiri yetu ya porini, kama Aloe secundiflora ya Kenya na Tanzania, ambayo mara nyingi husimama peke yake bila machipukizi, mimi ningechagua mbegu bila kusita. Kila mche huwa tofauti, na ugonjwa ukiingia haufyeki yote. Tafadhali using'oe ya porini: spishi za mshubiri zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, isipokuwa Aloe vera.