Kipimo cha Vinasaba cha Hatari ya Kisukari na Presha: Tathmini ya Huduma Niliyoipata Moshi

Kituo kimoja binafsi cha afya mjini Moshi kinatoa huduma inayotangazwa kuwa inaweza kumwonyesha mtu, kwa kutumia mate yake tu, hatari aliyoirithi ya kupata kisukari, shinikizo la damu, unene wa tumbo na mafuta mabaya katika damu, yaani ule mkusanyiko ambao madaktari huuita sindromu ya metaboliki. Nilipima kwa sababu upande wa baba yangu kisukari kimewapata wengi, na nyumbani tumezoea kusema kuwa ni ugonjwa wa ukoo. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa mengi ninayoyaeleza yanahusu bidhaa yenyewe, ambayo kituo kingine kinaweza kuiuza kesho kwa jina jingine.

Sehemu bora ya huduma nzima ilikuwa ile isiyotangazwa. Kabla ya kuchukua mate, muuguzi alinipima kiuno kwa futi kamba, akanipumzisha kitini ndipo akapima presha, kisha akatoa damu asubuhi ile kabla sijala chochote. Kwa vipimo hivyo pekee hali ya mtu inajulikana. Kwa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2009, mtu huhesabiwa kuwa na sindromu hiyo akikutwa na mambo matatu kati ya matano: kiuno kilichozidi kiwango cha jamii yake, presha inayofikia 130 kwa namba ya juu au 85 kwa namba ya chini, sukari ya 5.6 mmol/L au zaidi kabla ya kula, trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, za 1.7 au zaidi, na HDL, ile kolesteroli ya kinga, iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Kiwango cha kiuno kwetu ni sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, nacho kiliazimwa kutoka kwa Wazungu kwa kukosa takwimu za Waafrika. Zaidi ya hapo, watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa na trigliseridi za chini hata pale mwili unapokuwa umeanza kuikataa insulini, homoni inayoshusha sukari, kwa hiyo jibu zuri la trigliseridi lisimpe mtu wa kwetu amani kupita kiasi. Muuguzi alinieleza hilo kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ninamsifu kwa dhati.

Ripoti ya vinasaba yenyewe ilikuja kwa Kiingereza, ikiwa na kurasa nyingi za rangi na alama moja ya jumla iliyosema kuwa hatari yangu iko juu ya wastani. Wastani wa nani, haikusema. Jeni iliyopewa uzito mkubwa ni TCF7L2, na hapo ripoti ilikuwa na msingi, kwani tangu watafiti wa kampuni ya vinasaba ya deCODE huko Iceland walipoitangaza mwaka 2006, uhusiano wake na kisukari cha ukubwani umethibitishwa katika jamii nyingi, wakiwemo watu wa Afrika Magharibi. Kila nakala ya aina ya hatari ya jeni hiyo huongeza uwezekano wa kuugua kwa takriban asilimia 40. Kiasi hicho si kidogo, ila hakitoshi kumtabiria mtu mmoja maisha yake.

Kwa jeni ya FTO, inayohusishwa na unene, hali ni tofauti. Utafiti wa mwaka 2007 uliofanywa kwa Wazungu uliona kuwa mwenye nakala mbili za aina ya hatari alikuwa mzito kwa kilo 3 hivi kuliko asiye nayo, na ripoti yangu ilinakili jambo hilo kana kwamba limepimwa Marangu. Alama ya kinasaba inayosomwa maabara si lazima iwe ndiyo inayoleta unene. Mara nyingi ni jirani tu wa ile inayouleta, na kwa Waafrika, ambao vinasaba vyao vina utofauti mwingi kuliko vya watu wa bara lingine lolote, majirani hao wengi wametengana. Ndiyo maana alama hiyohiyo, ambayo kwetu ni ya kawaida sana, haiendani na uzito wa mtu kwa uthabiti ule ulioonekana Ulaya.

Udhaifu huo unakuwa mkubwa zaidi katika alama ya jumla. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa takriban asilimia 79 ya washiriki wa tafiti kubwa za vinasaba walikuwa na asili ya Ulaya, na kwamba alama zinazotokana na tafiti hizo hutabiri kwa usahihi mdogo mara nne na zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwaka huohuo watafiti waliofanya kazi na watu wa Nigeria, Ghana na Kenya walitangaza kuwa jeni ya ZRANB3 inahusiana na kisukari kwa Waafrika. Niliitafuta katika ripoti yangu, sikuiona. Huduma inayouzwa chini ya Mlima Kilimanjaro ingepaswa kumwambia mteja mambo haya kabla hajalipa.

Linalonihuzunisha zaidi ni kuhusu HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambacho kiliwekwa kwenye kifurushi kama uthibitisho wa mwisho. Kipimo hiki hutegemea muda ambao chembe nyekundu za damu huishi. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozilinda chembe hizo, chembe zake huweza kufa mapema, na HbA1c yake husomeka chini kuliko sukari aliyonayo kweli. Kwa wenye nakala moja ya jeni ya selimundu pia kipimo huweza kushuka. Hali zote mbili zimeenea Afrika kwa sababu huwakinga watu dhidi ya malaria kali, na familia nyingi za Moshi zina asili ya tambarare zenye malaria au zimeoana na watu wa huko. Hapa ndipo utofauti wa vinasaba ungemfaa mteja moja kwa moja, kwa kuwa ungemweleza daktari kama aiamini namba ile au arudi kwenye sukari ya kabla ya kula na kipimo cha kunywa glukosi. Maabara ilikuwa na mate yangu na ilikuwa na HbA1c yangu, lakini haikuviunganisha.

Ushauri wa chakula ulioambatanishwa ulitaja samaki wa salmoni na matunda ambayo hayauzwi Kiborloni. Machalari, mtori, mbege, chipsi na soda, ambavyo ndivyo tunavyokula na kunywa, havikuguswa. Hilo ni pengo zito, maana utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mzima 1 kati ya 100 katika vijiji vya Tanzania, ilhali utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 kati ya 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Hata tukizingatia kuwa upimaji ulitofautiana na kwamba vijiji si mji, jeni za watu haziwezi kubadilika kiasi hicho katika kizazi kimoja. Kilichobadilika ni sahani, na kazi ya miguu ya kupanda na kushuka kwenye vihamba. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, kupunguza uzito na kutembea kulipunguza wanaougua kisukari kwa asilimia 58, na wenye aina ya hatari ya TCF7L2 walinufaika pia. Ripoti iliyoniambia kuwa ninayo aina hiyo ya hatari haikuniambia hilo.

Kwa bei ya kifurushi hiki, watu wazima wote wa nyumbani kwetu wangepimwa kiuno, presha, sukari na mafuta, na chenji ingebaki. Simshauri mtu wa kawaida akinunue. Familia ambayo kisukari huwapata vijana wasiofika miaka 25, kizazi baada ya kizazi, tena wakiwa wembamba, inahitaji kipimo kingine kabisa, cha kisukari cha jeni moja, kama HNF1A au GCK, ambacho jibu lake huweza kubadilisha dawa. Kipimo hicho huombwa na daktari bingwa, na hakimo katika kifurushi hiki.