Wakala wa Delhi aliyetupangia siku 23 za India: tiketi safi, kalenda mbovu

Haki yake nimpe kwanza. Tiketi zote tulizolipia zilifika, na hakuna hoteli hata moja tuliyobisha hodi tukaambiwa hawatujui. Lakini mimi sikumlipa anikatie tiketi tu. Nilimlipa anipangie safari, na kupanga ndiko kulikomshinda. Jina silitaji, maana bado tunavutana naye juu ya pesa za siku mbili, nitaeleza.

Tulikuwa wawili, mimi na mama mdogo, ana miaka 61 na goti moja lisilopatana na ngazi. Tulitaka kuishuka India kutoka juu hadi chini: Delhi, Agra, Jaisalmer jangwani, Leh kule Ladakh milimani, kisha Mumbai, Goa, na kumalizia Kerala. Likizo yangu ni Julai, basi nikamwandikia wakala kwamba tutakuja Julai. Akajibu kesho yake: Julai ni mwezi mzuri sana.

Mzuri wapi? Ladakh, kweli, kwa sababu Himalaya huzikinga mvua zisipite na theluji ya njiani imekwisha kuyeyuka. Jaisalmer mwezi huo ni tanuri. Na Kerala ndiko mvua zinakoingilia nchini, karibu na tarehe 1 Juni, halafu zinapanda taratibu mpaka kaskazini, zisianze kurudi hadi katikati ya Septemba. Upepo unaozileta ni kusi, kusi ileile iliyokuwa ikizirudisha jahazi Bara Hindi. Sisi wenye maneno kusi na kaskazi katika lugha yetu hatukuhitaji kufundishwa hili na wakala, najua, na aibu hiyo naibeba mwenyewe. Lakini yeye ndiye aliyelipwa. Angeniambia tu: kwa Julai chukua milima uache pwani, au ngoja Desemba uchukue pwani na jangwa uache milima. Hakuna mwezi mmoja unaoifaa nchi ile yote.

Agra alituweka Ijumaa. Taj Mahal hufungwa kwa watalii kila Ijumaa, wanaingia wanaokwenda kuswali tu, na hilo si siri. Dereva akatuokoa kwa kutupeleka Mehtab Bagh, bustani iliyo ng'ambo ya mto Yamuna, na kutoka pale tukaliona jengo lote, jeupe, kimya, kwa upande wa nyuma. Mama mdogo akalitazama kitambo kirefu, kisha akasema, "Mwanangu, tumetoka huko kote kuja kuangalia mgongo."

Jaisalmer sina la kusema zaidi ya kwamba tulitoka alfajiri na jioni, mchana tukalala chini ya feni.

Leh ndiko nilikomkasirikia. Delhi iko kama mita 216 juu ya usawa wa bahari. Ndege inaruka, hujamaliza hata chai yako vizuri, unatua Leh, mita 3,500 juu ya bahari. Mwili hauna habari. Kila anayeijua Leh atakuambia siku mbili za mwanzo ni za kukaa, kunywa maji na kutembea polepole. Ratiba yetu ilisema siku ya kwanza mchana: ngazi za Shanti Stupa, mnara wa Kibuddha juu ya kilima. Siku ya pili asubuhi: bonde la Nubra kupitia Khardung La, kipito cha milimani chenye mita 5,359. Mpangaji aliyeandika hivyo alipima ramani kwa rula, hakuangalia urefu wa milima.

Saa tisa mchana mama mdogo akaanza kushika kichwa. Saa kumi na moja alikuwa anatapika. Dereva wetu wa huko, mzee mwenye kofia ya sufu, akaniomba ile karatasi ya ratiba. Akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia kwenye droo ya gari na kuifunga. "Kesho hakuna anayekwenda popote," akasema. Tulilala siku mbili. Chumba cha Nubra na gari vilikuwa vimelipiwa, na hizo ndizo pesa tunazovutania. Wakala anasema sisi ndio tulioahirisha.

Ongeza na hili: ratiba ilikuwa kwenye programu ya simu, na laini za kulipia kabla zilizonunuliwa Delhi hazishiki mtandao Ladakh. Huko hufanya kazi laini za kulipa mwisho wa mwezi. Ile karatasi aliyoikunja mzee niliichapisha kwa hofu zangu mwenyewe, la sivyo tusingekuwa hata na namba ya hoteli.

Sasa treni, na hapa navua kofia. Siku sitini kabla, tiketi za kawaida zinapofunguliwa, jamaa alikuwa ameshakaa tayari. Alitueleza kwa maneno ya kueleweka kwamba tiketi ya India inaweza kuwa ya uhakika, au ya kusubiri, au ile ya katikati ambapo wawili mnagawana kitanda kimoja cha pembeni mkikaa mmeangaliana mpaka mtu ashuke. Akakataa kutuacha kwenye orodha ya kusubiri hata safari moja. Mama mdogo alipata kitanda cha chini kila mara, behewa lenye mapazia, na goti lake halikupanda ngazi hata usiku mmoja.

Alitupa pia ukurasa wa maneno ya Kihindi ambao hatukuuhitaji sana. Gari ni gari, na treni nayo wanaiita gari. Duka ni dukan, kitabu ni kitab, dunia ni duniya. Mama mdogo alifika mahali akawa anamsahihisha muuza chai. Ukurasa huo haukusema kwamba ukifika Kerala Kihindi hakikufikishi mbali, kwamba watu wanaongea Kimalayalam na hata herufi za vibao zinabadilika. Tulibaki na neno moja tu, meza, ambalo Wareno waliliacha kwao kama walivyoliacha kwetu.

Kutoka Mumbai kwenda Goa ni reli ya Konkan, iliyokamilika 1998, ina mahandaki zaidi ya 90. Wakati wa mvua treni zake huenda polepole kwa ratiba yake maalumu kwa sababu ya hofu ya maporomoko ya udongo. Wakala alimpa dereva wa kutupokea Madgaon, stesheni ya Goa, saa za kiangazi. Tulimkuta amengoja saa mbili na nusu, salamu ameijibu kwa kidevu. Nami nikiri: safari ile ndiyo nzuri kuliko zote. Kila tukitoka handakini kulikuwa na maji yanashuka kwenye mwamba mweusi, na behewa zima, watoto kwa wazee, lilihamia dirishani. Mwezi wa Januari nisingeyaona.

Kerala tulilala kwenye mashua ya Alappuzha, yale majahazi ya zamani ya kubebea mpunga yaliyogeuzwa vyumba. Mvua ilinyesha usiku kucha juu ya paa la makuti. Mama mdogo hajapata usingizi wa namna ile tangu Delhi.

Nyota tano kwa tiketi, moja kwa ratiba. Januari tunarudi kwa Rajasthan na Kerala, na tiketi nitawapa walewale wakate. Ratiba ameshaichukua mama mdogo. Agra ameiweka Jumanne.