Kununua Vifaa Nafuu vya Kupima Kifaa cha Redio Kabla ya Kukipeleka Maabara

Anayetengeneza kifaa kinachorusha mawimbi ya redio, tuseme kihisi cha LoRa (teknolojia ya redio ya kutuma data mbali kwa nguvu kidogo) cha kupima kina cha maji kwenye tangi, hana budi kukipitisha kwenye vipimo vya maabara kabla hakijaidhinishwa, iwe mwombaji anakwenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Chumba cha vipimo hulipiwa kwa muda, na kifaa kikishindwa hulipiwa tena kikirudi. Vifaa vinavyozungumziwa hapa havitoi cheti na havichukui nafasi ya maabara. Kazi yake ni kukuonyesha, kifaa kikiwa bado mezani kwako, ni wimbi gani limezidi na linatoka wapi, ili tatizo limalizwe kwa kapasita ya bei ndogo badala ya kuagiza bodi mpya. Nimevipanga kwa kigezo hicho: ni kipi kinachopunguza zaidi hatari ya kushindwa maabara kwa kila shilingi inayotoka mfukoni.

Kabla ya kununua chochote, jua namba unazopambana nazo. Kiwango cha Ulaya cha EN 300 220 kinaruhusu kifaa cha megahezi 868.0 hadi 868.6 kurusha miliwati 25, yaani 14 dBm (desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati 1). Mawimbi yasiyotakiwa hayapaswi kuzidi -36 dBm chini ya gigahezi 1, na -30 dBm juu yake, huku baadhi ya bendi za utangazaji zikilindwa kwa kikomo kikali cha -54 dBm. Kwa hiyo hamoniki ya pili, yaani wimbi la ziada lenye masafa mara mbili ya wimbi kuu, linaloangukia megahezi 1736, inatakiwa iwe chini ya wimbi kuu kwa angalau desibeli 44. Chombo kisichofika megahezi 1736, au kinachotengeneza hamoniki zake chenyewe kikizidiwa nguvu, hakikufai hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Nafasi ya kwanza naipa tinySA Ultra pamoja na vipunguza nguvu viwili, cha desibeli 10 na cha desibeli 20. Hiki ni kichanganuzi cha spektra cha kushika mkononi, yaani chombo kinachoonyesha nguvu ya mawimbi katika kila masafa, kinachouzwa kwa dola mia moja na ushee, na kinapima kuanzia kilohezi 100 hadi kiasi cha gigahezi 6 baada ya kuwashwa hali yake ya Ultra. Mtangulizi wake, tinySA ya kawaida, huishia megahezi 960. Hiyo iache, kwa sababu hamoniki ya pili ya kifaa chako hutaiona kamwe. Nunua kwa muuzaji anayetambuliwa na wabunifu wenyewe, kwani nakala bandia ni nyingi sokoni na nyingine zina kelele ya ndani iliyo juu kiasi cha kuficha hasa unachokitafuta.

Udhaifu wake unajulikana na unaweza kudhibitiwa. Katika masafa ya juu chombo hiki hakichuji vizuri mawimbi ya uongo, na kikipokea wimbi kuu lenye nguvu huzalisha hamoniki ambazo kifaa chako hakikuzirusha. Ndiyo maana navihesabu vipunguza nguvu kuwa sehemu ya ununuzi wenyewe. Unganisha kifaa chako kwa kebo kupitia kipunguza nguvu cha desibeli 20, soma kilele cha megahezi 1736, kisha ongeza cha desibeli 10 na usome tena bila kubadilisha mpangilio mwingine wowote. Kilele kikishuka kwa desibeli 10, hamoniki hiyo inatoka kwenye kifaa chako na ni wajibu wako kuishughulikia. Kikishuka kwa karibu desibeli 20, kimezaliwa ndani ya kichanganuzi, nawe hupaswi kugusa bodi hata kidogo. Jaribio hili halichukui dakika tano, na linawaokoa watu na majuma ya kukimbiza tatizo lisilokuwepo.

Nafasi ya pili ni ya vitu ambavyo wanunuzi wengi huviona kama nyongeza tu: kibanio cha kupima mkondo kwenye kebo, pamoja na vipimio vya uga wa karibu. Wako wanaosita kuvinunua kwa hoja kwamba wametumia moduli ya redio iliyokwisha kupata cheti, kwa hiyo wako salama. Cheti cha moduli kinahusu moduli. Hakisemi lolote kuhusu saketi yako ya kushusha volti, skrini yako, au waya wa mita moja unaoteremka hadi kwenye tangi. Na waya ndio antena. Katika megahezi 50, mkondo wa mikroampea 5 tu unaopita upande mmoja kwenye waya wa mita 1 hutoa uga wa takriban mikrovolti 100 kwa kila mita ukipimwa umbali wa mita 3, na hicho ndicho kikomo cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa masafa hayo. Mikroampea tano huwezi kuzihisi kwa njia nyingine yoyote. Kibanio cha feraiti (kauri yenye usumaku) kilichozungushiwa waya mara chache, kikiunganishwa na tinySA, huzionyesha mara moja. Unaweza kujitengenezea, mradi ukitumie kulinganisha kabla na baada ya marekebisho, maana namba yake kamili haitakuwa imesahihishwa.

Vipimio vya uga wa karibu ni vitanzi vidogo vinavyopitishwa juu ya bodi kutafuta chanzo. Kampuni ya Tekbox huuza seti nzuri, lakini kitanzi cha kebo ngumu ya koaksia kilichokunjwa kwa mkono hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kipitishe polepole juu ya koili ya saketi ya volti, kisha juu ya kristali, kisha juu ya utepe wa skrini, ukikigeuza nyuzi 90 kila mahali, kwa sababu kitanzi kilicholala vibaya hukosa uga uliopo. Usijaribu kubadilisha namba yake kuwa uga wa mita 3. Uga wa karibu haufuati hesabu hiyo.

Nafasi ya tatu inakwenda kwa vichanganuzi vya mezani vya familia ya Siglent SSA3000X Plus. Hapa bei inaruka hadi maelfu ya dola, na unachopata ni usahihi zaidi, pamoja na programu ya nyongeza yenye vichujio vya kilohezi 9 na 120 na kigunduzi cha kwazi-piki, kinachopima kilele kwa kuzingatia kinajirudia mara ngapi. Kwa kifaa cha megahezi 868, modeli ya SSA3032X Plus inayofika gigahezi 3.2 inaziona hamoniki ya pili na ya tatu. Kwa Wi-Fi au Bluetooth haitoshi, maana hamoniki ya pili iko karibu na gigahezi 4.9, hapo inatakiwa SSA3075X Plus. Kigunduzi cha kwazi-piki kisikuvutie kupita kiasi, kwani usomaji wa kilele hauwi chini ya usomaji wa kwazi-piki: kilichopita kwa kilele kimepita. Ningeishauri kampuni inayotoa bidhaa mpya kila mwaka inunue chombo hiki, lakini mwenye bidhaa moja asubiri.

Ya nne ni mitambo mikuukuu ya HP, kama 8563E inayofika gigahezi 26.5. Ni mizuri na ni mizito, lakini ikiwa sehemu yake ya kupokelea imeungua, fundi wa kuitengeneza humpati kwa urahisi. Inunue tu kama umeiona ikipima wimbi lenye nguvu inayojulikana.

Ya mwisho ni RTL-SDR na HackRF One, redio zinazoendeshwa kwa programu ya kompyuta. Zote zina biti 8, ambazo kinadharia hutoa kama desibeli 48 tu kati ya wimbi kubwa na dogo, na hamoniki inayotakiwa kuonekana iko desibeli 44 chini. Hakuna nafasi iliyobaki. Zitumie kuhakiki muda wa urushaji, hasa pale sheria inapodai kifaa kisirushe zaidi ya asilimia 1 ya muda.

Kifaa kinachochomekwa kwenye umeme wa gridi kinahitaji pia LISN, kisanduku kinachowekwa kati ya umeme na kifaa ili kupima kelele inayorudi kwenye waya za umeme, kwa vipimo vya kilohezi 150 hadi megahezi 30. Chenye betri tu hakihitaji, kwa hiyo usiinunue kwa sababu orodha fulani imeitaja.

Mahali pa kupimia ni bure, na panaathiri matokeo kuliko chapa ya chombo. Katikati ya Dar es Salaam au Nairobi, redio za FM hujaza megahezi 88 hadi 108, na minara ya simu hujaza 925 hadi 960. Pima kwanza kifaa kikiwa kimezimwa, hifadhi mchoro huo, kisha kiwashe. Kwa vipimo vya antena, nenda uwanja ulio mbali na minara, na uache akiba ya desibeli 6 hadi 10 chini ya kikomo, kwa kuwa mwangwi wa ardhi peke yake unaweza kupandisha usomaji kwa karibu desibeli 6. Kifaa kikirudi kutoka maabara na ripoti yake, kipime tena kilekile, mahali palepale, kwa kebo ileile: tofauti kati ya namba zako na za maabara iandike, uitumie kusahihisha vipimo vya bidhaa inayofuata.